Damu ya Mzee Kwenye Mkono wa Kulia

Mtani wangu Mwanahawa,

Kule ngumbaru tulifundishwa kwamba barua inaanza hivi: mie ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Nimeandika hivyo, nikasoma, nikakata mstari. Wewe uhofiwe nini tena? Presha imekuachia. Goti limekuachia. Hata yule jogoo wako mwenye kiherehere hakuamshi. Mwenye mashaka ni mie niliyebaki hapa Yombo na beseni lako la bluu. Basi leo naigeuza: wewe ni mzima, hofu ni kwangu.

Mwandiko usiucheke. Mwalimu wa ngumbaru alisema mwandiko wangu ni wa pili darasa zima, na wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Najua hapo umeshasema neno lako. "Mnyamwezi akikwambia kala kuku, ujue kala yai." Umenisemea hilo tangu tulipokutana bombani, nywele zetu nyeusi, mpaka zikawa pamba, na siku zote nilikosa jibu. Sasa jibu nimelipata na mwenyewe haupo. Jibu ni hili: yai ni kuku ambaye hajaanza kelele, ndo maana Mzaramo halijui. Nyie kisicho na kelele hamkioni. Mmeuza viwanja Dar nzima mkacheze ngoma.

Nilicheka peke yangu nilipolipata. Nikageuka upande wako wa jamvi. 

Nakaaga palepale barazani, baada ya Adhuhuri, ule wakati wetu. Natia maji ya vuguvugu kwenye beseni, naminya ndimu, natupia chumvi kidogo, naloweka mikono. Zamani hapo ndo ulikuwa unaanza kunisimanga, mara vidole vyangu ni mihogo, mara nimetoka kulima shamba la nani. Sasa maji yanapoa tu. Vidole vinajikunja kama vya mtoto aliyesahaulika kwenye beseni la kuogea, na hakuna wa kuniambia, we mwanamke, toa.

Unakumbuka ilivyoanza? Zuhura wako alikuwa anaolewa. Tukasema na sie akina mama tutakwenda saluni kama watu. Yule binti wa saluni alipotutajia bei nikamuuliza, hiyo ni pamoja na kiti, tunaondoka nacho? Tukatoka. Njiani ukasema kwani kucha ni ukuta, mpaka utafute fundi? Nikakwambia fundi unatembea naye. Nikakueleza kwamba mie kwetu Tabora nilikuwa napaka nyumba za watu chokaa, na mkono wangu haukuwahi kutetemeka, hata padri alikatisha misa akatoka nje kuja kutazama ukuta wangu. Ukasema padri alitoka kuangalia kama ukuta bado umesimama.

Basi tukamvizia yule muuza rangi anayepitaga na kikapu, anagonganisha vichupa, ting ting ting. Tukachagua kwa macho, maana sie kusoma maandishi madogo hatukuweza na yeye mwenyewe hakuweza. Zile rangi za bei ya chini bwana zina tabia kama watu. Ile ya dhahabu ukigeuka kuongea na mtu imeshakunjana juu ya kucha kama ngozi ya maziwa. Ile ya kijani tulipoifuta iliniachia kucha za njano, ukaenda kutangaza mtaani kwamba mtani wako kashikwa na homa ya manjano ya vidole. Na ile nyekundu ilikuwa imeganda chupani. Mie na ujuzi wangu wa kuta nikatia tina, ile wanayochanganyia rangi ya mageti. Ikalainika kweli. Ila harusini nilinuka kama geti jipya, na wakwe zako wakawa wanauliza nyumba imepakwa lini mbona wao hawaoni.

Tulijifunza kwa kuharibu. Rangi ikiganda unatia matone mawili ya asetoni, basi, halafu unaizungusha chupa taratibu katikati ya viganja. Huitikisi. Ukiitikisa inaingia mapovu na kucha inatoka na vipele. Uchafu wa chini ya kucha unautoa kwa mswaki mkuukuu na sabuni. Kile kingozi cha mzizi wa kucha hukati kwa wembe kama tulivyozoea, unakisukuma nyuma na njiti ya kiberiti iliyovishwa pamba, kikiwa kimelainika. Msasa unakwenda upande mmoja tu, kama unamchana mtoto mwenye kichwa kibovu. Unapitisha ndimu juu ya kucha kutoa mafuta. Halafu ndo rangi, mara ya kwanza nyembamba, unasubiri, mara ya pili. Na mafuta ya nazi ni mwisho kabisa. Hilo la nazi nilikufundisha mie, maana we Mzaramo kila kitu ulitaka kianze na nazi, na rangi ilikuwa inateleza yote.

Na ile siku ya manjano. Nilikupiga marufuku kuisimulia, sasa naisimulia mwenyewe. Nilijipaka vidole vya miguu manjano mbichi, nikavinyoosha vikauke, usingizi ukanipitia. Kuku wako wakadhani mahindi. Niliruka kwa mdono wa kwanza nikamwaga beseni, na wewe badala ya kufukuza kuku ulilala chini unagaragara, unapiga jamvi kwa kiganja, unasema waacheni wale, wamepata mavuno ya Tabora.

Wewe mwenyewe ulikuwa hupaki. Hilo wengi hawakulijua, waliona tunakaa pamoja wakadhani tunapakana. Una swala zako tano, na rangi inaziba, maji ya udhu hayafiki kwenye kucha. Ulinieleza hivyo mie Mkristo wa Tabora nikakuelewa. Hina ulipaka, ile haizibi. Lakini roho ilikuwa inataka. Ulikuwa ukinipaka mie unameza mate kama mfungaji anayepika futari.

Mpaka ukarudi siku moja kutoka sokoni Tandika na kipakiti chini ya kanga, unatembea kama umeiba. Kucha za bandia. Za plastiki, nyeupe pe, na vibandiko vyake vya kunata pande mbili, na kichupa cha gundi pembeni. Ukakaa, ukajaribisha moja moja mpaka ukapata kumi za saizi yako, ukasema, "Mungu kaniambia niswali, hajaniambia nichukize." Nikanyoosha mkono nichukue gundi, ukanipiga kofi la kiganja. "Hiyo usiiguse, mtani. Hiyo ni ndoa ya kanisani kwenu, ikishika haiachii. Mie nataka cha kubandua adhana ikilia."

Zile kumi nilizipaka mie. Nilizipanga juu ya kifuniko cha ndoo, nikazipaka pinki mara mbili, halafu nikazidonoa nukta nyeupe kwa ncha ya njiti ya meno, nukta tatu kila kucha, zimekaa kama mafiga. Nikisema ilikuwa kazi nzuri utasema najisifu. Ilikuwa kazi nzuri. Ukazitunza kwenye kopo la mafuta ya mgando, na kila mchana ukimaliza Adhuhuri unazibandika, tunakaa, na mkono wako wa kulia hautui chini. Ukiongea unaupunga kama trafiki. Ukikataa kitu unakipungia. Ukinywa chai kidole cha mwisho kiko juu kinatazama mtaa mzima. Alasiri ikiadhiniwa unazibandua moja moja unazirudisha koponi, tap, tap, unakwenda kutawadha.

Na mie mkono wa kushoto nilijipaka mwenyewe. Wa kulia ulikuwa wako. Maana huu mkono wangu wa kushoto Mungu aliuumba wa kushikia sufuria tu. Ulikuwa unanichukua kidole kimoja kimoja unakilaza juu ya goti lako, lilelile bovu, unainama mpaka pumzi yako naisikia kwenye ngozi. Nikicheka unasema, "Tulia, mtani, unayumba kama mpagazi na mzigo wa Mzungu." Natulia. Mwanahawa, nikwambie kitu. Hakuna mtu mwingine aliyenishikaga mkono muda mrefu vile. Baba Kulwa, Mungu amrehemu, alinishika siku ya kufunga ndoa, na hapo ni padri alimwamuru.

Ule mchana wa mwisho nilikuwa nafunga safari ya Tabora, kumwona mwanangu Doto na wajukuu. Ukasema sitoki Dar na mkono wa mkimbizi. Ukachagua ile nyekundu iliyokolea ikawa nyeusinyeusi, damu ya mzee. Ukasema hiyo ndo saizi yetu, na vijana watafute ya kwao. Ukaipaka mara mbili, ukafuta pembeni kwa njiti na pamba ya asetoni, hata kidole gumba ambacho huwa unakiharibu safari hii kilitoka kimenyooka. Ukanirudishia mkono wangu kama mtu anayekabidhi sahani ya watu. "Nenda ukawaringie, waone mtumwa wangu anavyotunzwa. Na uitunze. Ukirudi nikute imebanduka, utani umekwisha." Nikakwambia nitakuletea matobolwa. Ukasema mtu anakwenda Tabora yote ile anarudi na viazi vikavu.

Hayo ndo maneno yako ya mwisho kwangu. Viazi vikavu.

Zuhura alinipigia simu niko kwa Doto. Akasema mama alitoka kutawadha Alfajiri, akakaa chini, hakuinuka. Akasema wanazika leoleo, nyie Waislamu hamlalishi maiti. Basi la kuondoka lilikuwa la kesho yake. Njia nzima nilikuwa na mfuko wa matobolwa mapajani na mkono huu juu yake, nautazama. Abiria mwenzangu akaniuliza bibi unatoka harusini? Nikamwambia ndiyo. Nikamsimulia na harusi yenyewe, ng'ombe waliochinjwa, jinsi bibi harusi alivyokataa kuingia ndani mpaka mie nimwimbie. Nilidanganya kuanzia Dodoma mpaka tunashuka Mbezi Luis. Ningenyamaza ningelia.

Nilipofika kwako kaka yako Mzee Pazi alikuwa amekaa mlangoni. Akaniambia, "Mtani, umechelewa. Tumezika kimya kama tumezika mgeni." Hakunilaumu, ila lilinichoma. Si unajua tulivyoahidiana. Msiba wa Mzaramo lazima mtani wake aje aukorofishe, avae kanga ya marehemu, amwigize anavyoongea na anavyotembea, amtukane, mpaka wenye msiba wacheke wapate kupumua. Tulisema atakayebaki atamfanyia aliyelala, tena bila huruma. Wewe ulianza kufanya mazoezi ya msiba wangu mie niko hai nakutazama, unanuna kama mie, unadai ulimkwaruza chui, ule uongo wangu wa Tabora. Na mie nikaja umeshalala, na viazi mkononi. Hakuna aliyevila. Wenzio hawaviwezi, wanasema vigumu. Ulikuwa unaviweza wewe tu, unatafuna huku unavitukana.

Basi nikashika la pili. Utani nimeukosa, rangi sitaikosa. Nikaanza kuilinda damu ya mzee.

Ukisikia nilivyoilinda utafufuka uje kunizomea. Vyombo nimeosha na mfuko wa nailoni mkononi, nimeufunga na mpira kwenye kifundo. Nguo nimefua kwa mkono mmoja. Ugali, Mwanahawa, ugali nimekula kwa kijiko, mie binti wa Kinyamwezi, nimefunga mlango jirani asione. Ile rangi nyingine nyeupe ya kama maji nikawa naipitisha juu yake kwa huu wa kushoto, ile hata ukikosea haionekani. Mkono wa kushoto nilifuta, nikapaka, nikafuta, kama ada. Wa kulia sikugusa. Kanisani wakasema Mama Kulwa siku hizi ana mkono wa msiba na mkono wa harusi.

Lakini kucha haijui msiba, inakua tu. Kwanza ikatokea chini pale kwenye mzizi alama nyembamba ya kucha tupu, kama mwezi mwandamo. Halafu ikapanuka. Rangi yako ikawa inasogea kwenda nchani. Nikiamka natazama, imesogea, kama mtu anayeaga kinyumenyume ili usijue anaondoka. Kulwa akaja Jumapili akasema mama kata kucha hizo zitakuumiza. Nikamwambia hizi ndo nilizomkwaruzia chui. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtoto anayemwonea mzazi huruma. Wewe ungeongezea. Wewe ndo uliyesema yale madoa ya chui wote ni makucha ya mtani wako. Uongo wangu ulikuwa unakua ukipita kwako, mtani. Sasa nikiutoa unaanguka palepale.

Yule wa kikapu naye alipita, ting ting ting. Akautazama mkono, akaona ilivyobaki nusu, akasema bibi nikae nikupake huo, wala sikudai. Mtu mwema. Nikamwambia, "Mkono huu una mwenyewe. Katoka kidogo." Akatazama upande wako wa jamvi, akabeba kikapu chake akaenda bila kugonganisha vichupa.

Ikafika arobaini yako. Zuhura akaja asubuhi, kashika lile kopo la mafuta ya mgando kwa mikono miwili. Akasema, "Mama mdogo, hizi sijui nizipeleke wapi. Kuzitupa siwezi." Na akasema mjomba Pazi kauliza kama mtani safari hii yupo. Nikamjibu mwambie ajifunge mkanda.

Alipoondoka nikafungua kopo. Pinki yangu, nukta zangu, zote kumi. Nikajua nitakachofanya. Nitakuja na mkono wako. Wa kulia tu unatosha, kwa kuwa kushoto hukuutumia hata kwa kusalimia. Natafuta vibandiko, vimekauka vyote, vimegeuka karatasi. Kilichobaki koponi ni ile gundi yako ya kanisani. Nikakaa nikawaza. Chini kuna damu ya mzee, nusu kucha, iliyobaki. Nikajidanganya kwamba naifunika isipate baridi. Nikabandika kwa huu wa kushoto, sikuita mtu. Ya kidole cha shahada ikaenda kwenye cha kati, ya gumba ikakaa imelala kama shati lililofungwa kifungo kisicho chake. Zikashika. Dakika haikupita, zimeshika kama nimezaliwa nazo.

Nikasubiri hitma iishe, dua ikapita, pilau ikaanza kugawiwa. Hapo nikaingia. Nimejifunga kanga yako ya mkeka, nachechemea goti lako, mkono juu. Nikajitupa katikati ya mlango, hakuna kupita, sinia zimesimama. Nikasema nani kawapa ruhusa ya kumzika mtumwa wangu bila kuniuliza? Mmemzika na deni la usingizi, jogoo wake kaniamsha miaka yote hii. Nikaona Mzee Pazi kainamisha kichwa, mabega yameanza. Halafu nikaacha kuwa mie. Nikapunga. Nikachukua kikombe cha mtu nikanyanyua kidole kile cha mwisho. Nikasema kwa sauti yako, "Mnyamwezi akikwambia kala kuku, ujue kala yai. Na hili pilau nalo, nazi iko wapi?" Mtani, ukumbi wote ulipasuka. Wanawake waliokuja kupiga dufu walishikana. Zuhura alicheka mpaka akakaa chini, akanishika huu mkono, akauona vizuri, na kicheko kikageuka mikononi mwangu. Nikamwachia alie. Nilikuwa bado nimenyanyua kidole.

Mzee Pazi akafuta macho kwa kofia, akasema, "Sasa dada yangu kazikwa."

Nakusimulia hivi bila chumvi, na we unajua chumvi yangu. Niliwamaliza. Hata wangeniita kwenye redio ningekwenda.

Tukiwa bado tumekaa ikaadhiniwa Alasiri. Na mkono wangu wa kushoto, sijui nani kauambia, ukaenda wenyewe kubandua. Kama ulivyokuwa unafanya wewe. Nikavuta ya kwanza, haiji. Nikavuta, haiji. Wenzangu wanainuka kwenda kutawadha, mie nimekaa navuta.

Nyumbani nikaloweka. Maji ya moto, sabuni, mafuta ya kupikia. Asetoni sikuithubutu, ile ingeyeyusha plastiki na kula rangi, vyangu na vyako vyote pamoja. Nikawa naloweka na kusukuma kwa njiti, naloweka, nasukuma. Zikaanza kuachia pembeni. Na kila iliyoachia ikaondoka na damu ya mzee. Yote. Ikang'oka kama gamba la kitunguu, kucha yangu ikabaki tupu, nyeupe, imekwaruzika, kama haikuwahi kupakwa na mtu.

Nilikaa nazo kiganjani. Nikakusikia, nikute imebanduka utani umekwisha. Nilikusikia vizuri kabisa, nikaanza kutafuta uongo wa kukwambia, na sikuupata, mie.

Halafu moja ikageuka. Ndani yake, kwenye ule upande wa shimo unaokalia kidole, damu ya mzee imetandaa, imeng'aa, bila ufa. Nje pinki na mafiga yangu. Nikazigeuza zote tano. Ndani yako, nje yangu, katikati ile gundi uliyonikataza. Nimezirudisha koponi hivyohivyo.

Kwa hiyo nahukumu mwenyewe, kwa kuwa mwenzangu hujibu. Haijabanduka. Imehama nyumba. Utani upo.

Ila mkono ulibaki mtupu. Siku kadhaa nilikuwa nauficha chini ya kanga kama nimekatwa. Jana nikasema hapana. Nikaloweka. Nikasukuma vingozi. Nikapitisha ndimu, ikaniwasha pale palipokwaruzika. Nikachukua kichupa chetu, kimebaki kidogo chini, nikatia matone mawili, nikakizungusha viganjani. Nikakilaza kidole juu ya goti langu mwenyewe. Langu zima, halifai, kidole kinateleza. Nikashika brashi kwa kushoto. Nikasema kwa sauti, barazani pale, "Tulia, mtani, unayumba kama mpagazi." Jirani akachungulia. Nikampungia.

Imetoka vibaya, Mwanahawa. Nisikufiche. Imepanda kwenye ngozi, imeshuka mpaka kiungo cha kidole, gumba linafanana na mtu aliyegombana na mlango. Njiti na pamba vilikuwa pale, na asetoni ilikuwepo, ningeweza kufuta pembeni. Sikufuta. Nimekuachia uone, upate la kusema.

Ndo mkono huu ninaokuandikia. Karatasi ina alama nyekundu hapa na hapa, usidhani ni kitu kingine.

Sasa nakuacha, maji yamepoa. Lala, mtani. Usiwachekeshe wenzio huko hadithi zangu zote, niachie na mie za kuingilia. Ahadi yangu ni hii: mkono huu nitaupaka mwenyewe, kwa kushoto, baada ya Adhuhuri, na sitampa mtu mwingine. Na sitafanya haraka kuzoea, maana nikizoea nitapaka vizuri, na wewe utakuwa umekosa kazi. Ila siku ya kuja huko sitaupaka. Nitakuja nao mtupu.

Weka goti.

Mie bwana wako, na mtumwa wako,
Mama Kulwa